Neno la Kalunguyeye

Zilibaki dakika arobaini, na Kalunguyeye alikuwa bado hajasema neno.

Eckhard alifungua ukurasa upya. Kimya. Akafuta miwani kwa ncha ya sweta, akafungua tena.

"Mke wangu, leo mtu wangu hasikiki kabisa!" alipaza sauti ili Gesine amsikie kule jikoni.

"Labda ana shughuli. Jumapili watu wana keki za kuoka."

Eckhard alikuwa mpima ardhi mstaafu, na hakuwa mtu wa kuamua jambo kwa kukadiria. Michezo ya mezani ilijaza kuta tatu za sebule yao pale Celle, Ujerumani, sanduku juu ya sanduku. Mingi aliichangia mtandaoni kabla haijatengenezwa: unatoa fedha leo, mtengenezaji anaahidi, sanduku linafika mwakani au mwaka unaofuata. Kila Jumapili baada ya kahawa walifungua sanduku moja, wakacheza wawili mpaka giza liingie. Gesine hakuwahi kukataa. Ila ukuta wa tatu ulipojaa aliweka sharti: kuanzia sasa, mchezo mpya mmoja kwa mwaka. Asipochagua, mwaka umempita.

Hii ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Desemba.

Ndiyo maana alikuwa na daftari. Je, mtengenezaji amewahi kumaliza alichokianza? Kijitabu cha kanuni kimewekwa wazi watu wakisome? Picha ni za vipande halisi au za kuchorwa? Na mstari wa mwisho, kwa wino mwekundu: Kalunguyeye anasemaje?

Hakuna aliyemjua Kalunguyeye ni nani. Aliandika maoni tu, chini ya kurasa za uchangishaji, lakini maelfu ya watu walimfuata. Miaka minne sasa alikuwa amemwokoa Eckhard na kila mchezo alioutamani, na kwa miaka hiyo minne Eckhard hakununua kitu. Kuhusu mchezo wa migodi, masika yaliyopita, Kalunguyeye aliandika: "Kijitabu cha kurasa hamsini na mbili. Mmoja atakisoma kwa sauti, mwenzake atazeekea mezani."

Siku hiyo Eckhard alicheka mpaka machozi. "Huyu mtu ameona mengi!"

"Ameona," Gesine alijibu.

Mchezo wa leo, ambao uchangishaji wake ulikuwa karibu kufungwa, uliitwa Mlinzi wa Mnara wa Taa. Unakaa kisiwani majira yote ya baridi, unahesabu mafuta ya taa na kuandika habari za ukungu. Eckhard aliutaka kuliko alivyotaka kitu chochote tangu astaafu. Alikuwa ameweka alama ya vema kwenye kila mstari wa daftari isipokuwa ule mwekundu. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na ngazi ya nyongeza: fedha zikifika hapa, kadi zitakuwa nene, zikifika pale, dadu zitakuwa za mbao. Kipandio cha juu kabisa kilikuwa mbali mno na fedha zilizopatikana, hivyo hakukisoma.

Gesine aliingia na kahawa.

"Kila kitu safi," Eckhard alimwambia. "Dosari ni moja tu. Ni mchezo wa mtu mmoja."

"Mmoja?"

"Mmoja. Mimi nacheza, wewe umekaa tu. Nafsi inanisuta."

Gesine aliweka kikombe mezani taratibu sana. "Nitakaa kwa muda gani?"

"Wameandika masaa matano."

"Kila Jumapili?"

"Kama utaniruhusu."

"Nitajikaza, mzee. Ndoa ni kuvumiliana."

"Una moyo wewe! Mwanamke mwingine angenuna."

"Wanawake wengine hawakujaliwa," alisema Gesine. "Sasa usichangie kwa pupa. Msubiri huyo mshauri wako. Mimi naangalia keki yangu."

Zikabaki dakika kumi na mbili. Kahawa ikapoa. Zilipobaki tisa, jina likatokea.

"Changieni," aliandika Kalunguyeye. "Nimekagua kila kitu. Miaka yote hii sijaona mchezo uliobuniwa kwa huruma kiasi hiki. Msiulize maswali, muda unakwisha."

Eckhard alisimama, akaketi, akasimama tena. Kalunguyeye kusifu! Akaweka alama kwenye mstari mwekundu, akabonyeza. Euro tisini zikaenda.

Wala hakuwa peke yake. Idadi ya wachangiaji, iliyokuwa ikisuasua tangu asubuhi, ilianza kupanda kama maziwa yanayochemka. Mia mbili. Elfu. Elfu nne. Pembeni, vipandio vya ngazi viliwaka kimoja baada ya kingine: kadi nene, dadu za mbao, ramani ya kitambaa. Sekunde chache kabla ya kufungwa kikawaka kile cha juu kabisa.

Eckhard alikisoma. Akakisoma tena, safari hii kwa kidole.

"Gesine! Njoo uone maajabu! Kalunguyeye kavuta watu mpaka ngazi imekwisha! Wanaongeza mlinzi wa pili! Mchezo sasa ni wa watu wawili, mke wangu, hauchezeki na mmoja! Na masaa yameongezeka, ni manane!"



Kule jikoni, Kalunguyeye alikuwa ameketi mbele ya keki ya tufaha, simu imejaa unga, akitafuta namna ya kufuta maoni yaliyokwisha kusomwa na watu elfu kumi na moja.