Waliokufa Kilindo

Tangu vitabu vianze kujisahihisha vyenyewe, Mzee Ngonyani hakukiamini hata kimoja kati ya vile mia mbili vya vita alivyovipanga sebuleni. Kila asubuhi alikagua idadi ya waliouawa Kilindo, vita vilivyomuua babu yake. Jana walikuwa mia tisa. Leo arobaini.

"Mama Tulo, njoo ushuhudie! Wamewapunguza tena!"

"Sasa makelele ya nini, Baba Tulo? Si huwa unaandika pembeni kwa penseli? Penseli haijisahihishi."

Kweli kabisa. Akavaa miwani, akainamia ukurasa. Mwandiko ulikuwa wake, hata ile g yake yenye mkia mrefu: "Waliouawa arobaini tu. Babu Ngonyani hayumo. Nimehakikisha mwenyewe."