Inasemekana

Mteja aliligeuza boksi la prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kisha akalirudisha mezani.

"Ngoja nisubiri, dada. Mpya inatoka mwezi ujao, tena kwa nusu ya bei."

"Nani kasema?" Zaituni, mwenye duka, akauliza.

"Imethibitishwa. Mtandaoni kila mtu anajua."

Alipotoka, Zaituni alianza kulipangusa boksi kwa ncha ya mtandio, ingawa halikuwa na vumbi.

"Huyu naye kaondoka mikono mitupu," alimwambia Mkufya, mdogo wa mumewe, aliyekuja kunywa chai kama kawaida yake. "Shemeji, kiwanja cha watoto nimekiuza nikanunua mzigo huu. Hao wanaozusha maneno niliwakosea nini?"

Mkufya alikitazama kikombe. Maneno yale aliyaandika yeye, amejilaza kitandani, kwenye kundi la wapenzi wa kompyuta. Alibahatisha tu, akatanguliza "inasemekana", neno linalosema bila kuwa na mdomo. Watu waliyapokea, wakayapitisha, na njiani hilo "inasemekana" likadondoka. Yaliyofika dukani yalikuwa kweli tupu.

Simu yake ikatetemeka. Huko kundini walikuwa wanadai tarehe.

"Wewe unazijua hizi mashine," Zaituni akasema, akimsogezea andazi la mwisho. "Niambie, hiyo mpya inakuja kweli?"

Mkufya aliilaza simu kifudifudi mezani.

"Inasemekana..." akaanza, na mkono wa Zaituni ukasimama juu ya boksi.