Risasi Iliyobaki

Nyati alikuwa bado kwenye matete ya kisimani. Wanawake walisimama na ndoo tupu nje ya duka la Habibu, fundi bunduki, wakimngoja Lukindo, mwindaji wa mji, akamuue.

Ndani, Lukindo alimwaga mezani risasi alizopewa na ofisi ya wanyamapori.

"Ndizo zilezile, mwanangu. Zilipasukia begani mwa nyati bila kuingia ndani, akageuka na hasira zake akamkuta mke wangu anachota maji. Wakubwa walikuja matangani, wakala pilau, wakaondoka."

"Nina mbili za aina nyingine, mzee. Wanasema kiini cha kichwa kimeshikana na ganda lake la shaba, hazipasuki ng'o."

"Wanasema! Na hizi si walisema?"

Lukindo akaing'oa moja ya zile mbili kichwa, akakiweka juu ya fuawe, akainua nyundo.

"Mzee, utabaki na moja tu!"

"Afadhali moja ninayoijua."

Nyundo ikashuka. Kichwa kilitanuka kama uyoga, lakini ganda halikuachana na kiini. Lukindo alikigeuzageuza kiganjani, kisha akaipachika ile iliyobaki kwenye bunduki. Akaelekea mlangoni.

Huko nje ndoo ilianguka ikabingirika, na hakuna mwanamke aliyeinama kuiokota; macho yao yote yalikuwa mlangoni, wakimngoja atoke.