Nusu ya Mzee

"Shosho, utafiti umeisha," daktari alimwambia Ciarunji nyumbani kwake. "Dawa ile ya presha inafanya kazi. Lakini wengine tuliwapa vidonge vitupu, visivyo na dawa, ndiyo tulinganishe. Vyako vilikuwa vitupu."

Ciarunji akacheka. "Na presha yangu si ilishuka?"

"Ilishuka. Huwa inatokea, hata sisi tunashangaa."

Kidonge cha leo kilikuwa kiganjani, amekikata katikati kwa kisu cha mboga kama kila asubuhi. Nusu moja ilikuwa imemeguka. Akaramba ule unga. Ulikuwa mchungu.

"Na huu uchungu ni wa nini, daktari?"

"Tuliuweka makusudi, vifanane na dawa."

Ciarunji hakuelewa. Sasa alikuwa amepona na nini? Hapa Gachoka kitu kizuri huli peke yako. Mzee wake, naye mgonjwa wa presha, alipoona mkewe amepata nafuu, alitupa chooni dawa zake za hospitali. Alisema nusu ya kidonge cha mkewe kila asubuhi inamtosha.

"Shosho, unaenda wapi?"

"Mzee!" Ciarunji aliita kuelekea chumbani. "Mzee, amka!"

Mezani, uji wa mzee ulikuwa umeshika utando.