Mji Alionipa Yosefina

"Nipe mji," nilimwambia mjukuu wangu Yosefina, maana kitendawili kilikuwa kimemshinda.

Alikuwa amesimama uani kati ya mianzi miwili mirefu niliyomfungia kwenye nguzo ashikilie akitembea, vidole vya mguu wa kushoto vimejikunja. Dada wa mazoezi ya viungo hospitalini alinifundisha: mtoto akipiga hatua, apewe palepale anachokipenda, na asidanganywe hata mara moja, maana ataacha. Wangu anapenda vitendawili. Hatua tatu, jibu moja. Ya nne alikuwa hajawahi kuifikia.

"Nakupa Lupiro, bibi."

Lupiro ndiko mama yake alikoolewa upya. Simu zetu hapokei.

Nikafanya kama mchezo unavyotaka. "Haya, nimekwenda Lupiro, nimekula wali kwa samaki..."

"Mama umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Anakuja lini?"

Neno likanitoka kabla sijalishika. "Ukifika mwisho wa mianzi."

Akaanza. Hatua ya tatu, ya nne. Mguu ule uliburuta vumbi, mate yakamtoka, nami nikawa nahesabu kimoyomoyo nikiomba achoke.

Hakuchoka. Ya kumi na moja akashika nguzo ya mwisho, akacheka, akatazama njia inayotoka barabarani.

"Nimefika, bibi."