Wimbo Uliotumwa Ijumaa

Wimbo ukishatumwa mtandaoni, usipotambuliwa na mtu wa nyumba nyingine kwa siku nzima huhesabika umekufa, na visikizi tulivyopandikizwa masikioni huuzima, usisikike tena. Ndiyo maana kundi letu la mtandaoni, la Wayahudi washika Sabato wa Afrika Mashariki, hucheza kila wiki: mmoja anaandika maneno, wengine wanakisia ni wimbo gani.

Ijumaa ilikuwa zamu yangu. Niliandika maneno ya wimbo wa marehemu mama, ule wa kukanda mkate wa Sabato. Nikatuma, nikazima simu, nikawasha mishumaa ya kuingiza Sabato.

"Umetuma saa hii?" mume wangu, Elkana, akauliza.

"Ee. Nilitaka wauimbe leo mezani."

"Tirza, sasa nani atagusa simu kabla Sabato haijatoka?"

Hata kuurudisha nisingeweza, mishumaa ilishawaka. Kesho yake tuliuimba kutwa, Naftali wetu akipiga meza kwa kijiko, nami nikijiambia huenda mmoja akasahau Sabato, akajibu.

Nyota zilipotoka, Sabato ikaisha, nikafungua simu. Majibu yalikuwa yanamiminika. "Si ule wa mkate wa mama yako? Nani asiyeujua?" aliandika shangazi kutoka Mbale. Lakini muda ulikuwa umekwisha jua lilipozama.

Nikamlaza Naftali, nikaanza kumwimbia wimbo wa mama. Hata mwenyewe sikuisikia sauti yangu, niliufuata kwa mtetemo wa koo tu. Mtoto akanitazama mdomo, akanishika shavu.

"Mama, imba basi."

Nilikuwa nimeshafika ubeti wa tatu.