Mishipi Iliyobadilishwa

Tangu kila mtu mzima avalishwe mshipi wenye jina lake wa kupima kitambi na presha, jiko lilikataa kumpikia mwenye vipimo vibaya. Mwasiti alikuwa mwembamba, lakini jiko likaanza kumgomea yeye kwa kitambi na presha mbaya, huku mumewe Kihiyo, mwenye kitambi cha kugusa meza, akipikiwa maandazi kila asubuhi.

"Baba Shani, umechezea mshipi wangu?"

"Mke wangu, mitambo nayo hukosea."

Hakumwamini. Alimpapasa kiunoni, akaukuta mshipi wenye jina la Mwasiti, umeungwa kwa kipande cha ngozi ili umtoshe Kihiyo.

"Kumbe presha ile mbaya ni yako! Kichwa hakikuumi?"

Kihiyo akacheka kuficha aibu. Mdomo wake ulicheka upande mmoja tu; upande wa pili ulikuwa umelegea.